Kahawa: Kutoka Zawiya za Yemen Hadi Uwanja wa Mpira



Ramadhani ikiingia, miji yetu ya Pwani hugeuza usiku kuwa mchana. Hapa Kikambala, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, mchana kutwa watu wamepoa, lakini Tarawehe ikimalizika ndipo maisha yanapoanza. Vijana wanafunga viatu kwa mechi za usiku. Wazee wako barazani. Katikati yao anapita muuza kahawa na dele lake lenye makaa chini, akigonganisha vikombe ili ajulikane yupo. Mzee anachukua finjani moja ya kahawa chungu na kipande cha kashata. Kijana amekwishapitia dukani, ana kopo la kile kinywaji cha kuongeza nguvu. Na mwenzake, tusifichane, ana kifuko cha muguka mfukoni, ati ndio stimu ya kipindi cha pili.

Sasa swali ninalotaka tulijadili mimi na wewe ni hili: je, vitu hivi vitatu ni kitu kimoja? Maanake kwetu hukumu huwa mbili tu. Kuna wanaosema vyote ni ulevi, acheni. Na kuna wanaosema vyote ni kawaida, hata babu alikunywa. Kila upande una sauti kubwa na hakuna anayeuliza kiasi gani, saa ngapi, na kwa sababu gani. Kumbe swali hili limeshawahi kusikilizwa mbele ya makadhi na madaktari, Makka, zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Na likasikilizwa tena juzi juzi na wakubwa wa michezo ya Olimpiki. Hebu tufuatane.

BUNI NA KAFTA

Anza na maneno yenyewe, kwa sababu maneno ya Kiswahili yana kumbukumbu. Kahawa ni qahwa. Buni, yaani punje zake, ni bunn. Finjani ni finjan. Vyote vimetoka ng'ambo ya bahari na majahazi ya kaskazi. Lakini usidhani vimekuwapo tangu zamani za kale. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331, Mogadishu alikaribishwa kwa tambuu na popoo, na katika maelezo yake ya Mombasa na Kilwa kahawa haimo. Watu walikuwa hawajaijua kama kinywaji.

Mti wake asili yake ni Uhabeshi. Kinywaji kilipata umaarufu Yemen katika karne ya 15, na waliokipa umaarufu si wafanyabiashara wala askari. Ni masufi. Walikinywa usiku ili wakeshe katika dhikri bila kusinzia. Mwanachuoni Abd al-Qadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu kizima cha kuitetea kahawa karibu mwaka 1558, anasimulia habari za Sheikh Muhammad al-Dhabhani wa Aden, aliyefariki karibu 1470. Sheikh huyu aliwahi kukaa ng'ambo, upande wa Uhabeshi, akaiona kahawa huko. Aliporudi Aden akaugua, akaikumbuka, akainywa. Akaona inamwondolea uchovu na uzito na kuupa mwili wepesi na nguvu.

Simama kidogo hapo, msomaji. Wepesi na nguvu za mwili. Huyu ni sheikh wa karne ya 15, hana saa ya kuhesabia sekunde wala maabara, na tayari amesema jambo ambalo wataalamu wa michezo walikuja kulipima karne nyingi baadaye.

Liko na jambo la pili katika masimulizi hayo ya al-Jaziri, nalo kwetu sisi watu wa Kilifi ni zito zaidi. Anaeleza kwamba kulikuwa na qahwa iliyopikwa kwa kafta, yaani majani ya mti wa qat. Kafta ilipoadimika Aden, Sheikh al-Dhabhani akawaelekeza wanafunzi wake kwenye buni, kwa kuwa nayo inakesheza. Na qat ni nini? Ni miraa. Ni muguka. Mmea ni ule ule mmoja, Catha edulis, tofauti ni aina na mahali ulipolimwa. Basi kahawa na miraa zilianza safari katika kikombe kimoja, kama ndugu wawili wa nyumba moja. Tutaona walivyoachana.

KESI YA MAKKA, 1511

Mwezi wa Juni 1511, sawa na Rabiul Awwal 917, Makka ilikuwa chini ya utawala wa Mamluki wa Misri. Muhtasibu wa mji, yaani msimamizi wa masoko na adabu za watu, alikuwa Kha'ir Beg. Usiku mmoja akaona kundi la watu karibu na Msikiti Mtukufu, wana taa, wanapokezana kikombe. Walipomwona wakazizima taa. Akauliza kinachonywewa, akaambiwa ni kahawa, na kwamba siku hizi inauzwa mahali panapofanana na vilabu vya pombe.

Kesho yake akaita wanavyuoni wakae baraza. Na hapa ndipo uzuri wa kisa ulipo. Wanavyuoni hawakukubaliana na yeye moja kwa moja. Mikusanyiko yenye mambo ya ovyo waliilaumu bila shida. Lakini kuhusu buni yenyewe walirudi kwenye ile kaida tunayofundishwa madrasa: asili ya vitu ni uhalali mpaka ithibiti dalili ya kukataza. Ni mmea, wakasema, kama mimea mingine. Ikiwa inadhuru mwili au akili, hilo waulizwe matabibu.

Matabibu wakaletwa, ndugu wawili. Wakasema ina tabia ya ubaridi na ukavu, inaharibu mwili. Wengine wakajitokeza kushuhudia kwamba wameinywa ikawavuruga akili. Inasimuliwa kwamba mmoja alishikilia kuwa kahawa inalevya sawasawa na mvinyo. Akaulizwa: wewe mvinyo umeujuaje? Akajibu kuwa amewahi kuunywa. Basi akapata adhabu yake ya sheria pale pale, na kahawa ikaendelea na kesi yake.

Mwishowe Kha'ir Beg alipata alichotaka. Kahawa ikapigwa marufuku, zilizokutwa zikachomwa moto hadharani, na hati ya kikao ikapelekwa Cairo kwa Sultan Qansuh al-Ghawri. Jibu likarudi tofauti kidogo na matarajio: ikatazwe mikusanyiko yenye maovu, kinywaji hakikuharamishwa kwa ujumla. Mwaka uliofuata Kha'ir Beg akabadilishwa. Makatazo mengine yalikuja baadaye, Makka na Cairo, nayo yakayeyuka moja baada ya jingine.

Mimi nikisoma kisa hiki naona jambo moja ambalo watu hulipita haraka. Kosa la Kha'ir Beg halikuwa kuuliza. Kuuliza alifanya vizuri, tena aliwauliza wanaopaswa kuulizwa. Ila alikuwa na hukumu mkononi kabla ya ushahidi, akachanganya taa, usiku, kelele na kinywaji, vyote akavitia gunia moja. Isitoshe neno qahwa katika Kiarabu cha kale lilikuwa pia jina mojawapo la mvinyo, kwa hiyo hata jina lenyewe liliingia kizimbani na doa.

Na yule ndugu mwingine, miraa? Swali lake lilimfikia Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyekaa Makka na kufariki mwaka 1566. Wale waliosoma fiq-hi wanalijua jina lake kwa kitabu cha Tuhfat al-Muhtaj. Aliandika risala maalumu kuhusu kufta na qat. Alikuta watumiaji wenyewe wanapingana, huyu asema inampa furaha na nguvu, yule asema inamharibu. Kwa hitilafu hiyo hakukata moja kwa moja kwamba ni haramu, lakini aliwashauri watu waiepuke, na jina la risala lenyewe ni la kutahadharisha. Tazama tofauti: kahawa ilipata watetezi walioandika vitabu, miraa ikapewa onyo.

VIKOMBE VINAINGIA MAABARA

Nitaruka karne tatu, kwa sababu kwa suala letu la mwili na nguvu hazina jipya kubwa. Mwaka 1819 Mjerumani kijana, Friedlieb Ferdinand Runge, alipewa punje za kahawa na mshairi Goethe azichunguze. Akatoa ndani yake kitu cheupe, ndicho kinachoitwa kafeini. Kimo pia katika majani ya chai. Tangu hapo hukumu iliweza kuhama kutoka kwa kikombe kwenda kwa miligramu.

Chuo Kikuu cha Cambridge, 1907, W.H.R. Rivers na mwenzake Webber walichapisha majaribio waliyojifanyia wenyewe. Walitumia chombo cha kupima kidole kinavyovuta uzito tena na tena mpaka kichoke. Kafeini iliongeza kazi ya misuli. Rivers alikuwa makini: alificha ladha ili anayepimwa asijue amepewa kafeini au hakupewa. Tutaona baadaye kwa nini jambo hilo ni muhimu.

Jaribio lililoamsha dunia ya michezo ni la 1978, Chuo Kikuu cha Ball State, jimbo la Indiana, Marekani. David Costill na wenzake walichukua waendesha baiskeli tisa wa mashindano. Siku moja wakawapa miligramu 330 za kafeini katika kahawa saa moja kabla ya zoezi, siku nyingine kahawa isiyo na kafeini. Wasipopata kafeini walichoka wakaacha baada ya dakika 75.5. Walipopata walifika dakika 90.2. Karibu robo saa zaidi! Makocha wa vyuo wakaanza kuhesabu vikombe.

(Mwaka huo huo wa 1978, katika vyuo hivyo hivyo vya Marekani, mwanafunzi wa Kikenya wa Washington State University, Henry Rono, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Simtaji kwa sababu ya kahawa, hakuna anayedai hivyo. Namtaja ili tusije tukadhani mbio zinatoka ndani ya kopo.)

Costill alifikiri kafeini inausaidia mwili kuchoma mafuta na kuhifadhi sukari ya misuli. Siku hizi wataalamu wanaweka uzito zaidi kwenye ubongo. Tunapokuwa macho na kufanya kazi, hujikusanya kitu kiitwacho adenosini, nacho ndicho kinachouambia ubongo kwamba umechoka, lala. Kafeini huenda kukaa kwenye kiti cha adenosini, ikazuia ujumbe usifike. Uchovu upo, ila barua yake haijafunguliwa. Kumbuka mfano huu, tutauhitaji tukifika kwenye daku.

KESI YA PILI, 1984 HADI 2004

Haya sasa. Olimpiki za Los Angeles, 1984, kafeini ikawekwa katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku. Lakini utamkatazaje mwanariadha chai ya asubuhi? Ndipo wakaweka mpaka: ikipatikana katika mkojo zaidi ya mikrogramu 15 kwa kila mililita, umekosa. Baadaye wakaushusha mpaka ukawa 12.

Waliokamatwa walikuwa wachache. Olimpiki za Seoul, 1988, Alex Watson wa Australia, mchezaji wa pentathlon ya kisasa, alifukuzwa kwa kuvuka mpaka huo. Yeye alishikilia kwamba ni kahawa tu alizokunywa. Mwaka 1999 Mmarekani Inger Miller alipokonywa medali ya shaba ya mbio za mita 60 za ubingwa wa dunia wa ndani kwa sababu hiyo hiyo.

Taabu ikawa hii. Kiasi cha kafeini kinachomsaidia mwanariadha ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili wake. Kijana wa kilo 60, kwa hesabu ya chini, ni miligramu 180, sawa na vikombe viwili hivi vya kawaida vya kahawa ya kuchujwa. Kwa kiasi hicho mkojo wake haufiki 12. Yaani mwenye kutaka faida anaipata na bado yuko chini ya mpaka! Na aliyekunywa ovyo bila kukusudia mchezo, mwili wake ukiwa mzito wa kuisafisha, anaweza kuuvuka. Mpaka ulikuwa haumtofautishi mwizi na mwenye nyumba.

Tarehe 1 Januari 2004, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, likaiondoa kafeini katika orodha. Halikuisahau lakini. Limeiweka katika mpango wa kuifuatilia. Watafiti wa Hispania waliposoma sampuli 20,686 za mkojo za wanamichezo za mwaka 2004 hadi 2008, walikuta karibu tatu katika kila nne zina kafeini. Vyuo vya Marekani viliendelea na njia yao: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya huko, bado kina mpaka wa mikrogramu 15, ambao wenyewe wanaueleza kuwa ni kama miligramu 500, vikombe sita hadi nane, saa mbili au tatu kabla ya mashindano. Ndugu yako akienda kusoma kule kwa udhamini wa riadha, hilo alijue kabla ya kupanda ndege.

Na miraa? Ile kesi ya zamani iliendelea na mkondo wake. Vitu viwili vilivyomo ndani yake, kathini na kathinoni, vimo katika orodha ya WADA ya vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Kathini mpaka wake ni mikrogramu 5 kwa mililita. Na wakati wa mashindano kwa kanuni zao unaanza saa sita kasoro dakika moja ya usiku wa kuamkia mechi, kwa hiyo hadithi ya kuwa nilitafuna jana usiku haimwokoi mtu. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016 na shirika lake, ADAK, lenye mamlaka ya kupima.

Nalisema hili waziwazi kwa sababu hapa kwetu mjadala wa muguka umekuwa wa siasa. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliupiga marufuku. Haikupita wiki, Ikulu ikatangaza kwamba marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Vijana wengi walichosikia ni neno moja tu: ruksa. Kilimo kuruhusiwa ni jambo moja. Mchezaji anayetaka siku moja kutoka uwanja wa mchanga wa Kikambala kuingia ligi kubwa, yeye ana sheria nyingine juu ya kichwa chake, na sheria hiyo haikubadilika Mei 2024.

KOPO, CHAI NA DAKU

Tumebaki na kile kinywaji cha kopo. Kopo la mililita 250 la aina maarufu lina miligramu 80 hivi za kafeini, pamoja na sukari nyingi. Yaani kafeini yake haizidi ya kikombe kimoja kizuri cha kahawa ya kuchujwa. Ajabu ni kwamba kopo linalipiwa pesa mara nyingi kuliko finjani ya mzee barazani. (Finjani yetu ni ndogo na nguvu yake inategemea mpishi, sitaitia hesabu hapa.) Nguvu nyingine mtu anazinunua kwenye picha iliyo nje ya kopo.

Usicheke. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza waliwapa waendesha baiskeli vidonge wakiwaambia leo hamna kafeini, leo ipo ya wastani, leo ipo nyingi. Kumbe vidonge vyote vilikuwa havina kitu. Walioamini wamepata nyingi waliongeza nguvu kwa asilimia 3.1, walioamini wastani asilimia 1.3, na walioambiwa hawakupata kitu walishuka. Hii ndiyo sababu Rivers alificha ladha. Na ukitaka mfano wa nyumbani, Dkt. Vincent Onywera na wenzake walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji kumi hodari wa Kenya wakijitayarisha kwa mashindano ya taifa. Walikuta ugali, mboga, sukari, na kinywaji chao kikuu kilikuwa chai ya maziwa. Chai hii hii tunayokunywa na mahamri.

Poda na vidonge ni habari nyingine kabisa. Mfuko umeandikwa nguvu, na ndani yake yanaweza kuwamo mengine yasiyoandikwa. Wanamichezo wengi wameanguka vipimo kwa njia hiyo. Hapo simwonei mtu haya: achana nazo.

Sasa Ramadhani. Wengi wetu siku ya kwanza kichwa kinauma tunasema ni njaa. Watafiti wa Saudia walichapisha mwaka 1999 habari ya kichwa hiki cha mwanzo wa Ramadhani: kiliwashika asilimia 41 ya waliofunga, na asilimia 8 ya wasiofunga, na kukosa kahawa kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Miaka saba kabla yake, Marekani, ilishaonekana kwamba hata mwenye kutumia miligramu 235 tu kwa siku akikatishwa ghafla, nusu yao huumwa kichwa cha wastani au kikali. Adenosini ile barua zake zimerundikana, siku hiyo zinafunguliwa zote pamoja. Ndiyo maana mwenye kuipenda kahawa afadhali aanze kuipunguza katika wiki mbili za mwisho za Shaabani, finjani baada ya finjani.

Wako wanaoikimbia kahawa kwenye daku wakihofia itawakausha maji. Hofu hii imezidi kipimo. Birmingham, 2014, wanaume 50 waliozoea kahawa walikunywa vikombe vinne kwa siku kwa siku tatu, kisha siku tatu nyingine maji kwa kiasi hicho hicho. Maji ya mwili hayakuonyesha tofauti. Anayekausha maji ni jua letu na mechi ya alasiri ukiwa umefunga. Kahawa haiongezi hapo, ila haisaidii pia. Kafeini hupungua nusu kila saa tano hivi, ingawa watu hutofautiana. Uliyoinywa saa kumi na robo alfajiri, ikifika saa kumi na nusu alasiri imebaki chini ya moja ya tano. Anayekunywa vikombe vitatu vya daku kwa ajili ya mazoezi ya jioni anajinyima usingizi wa baada ya Alfajiri bure.

Usiku ndipo hesabu inapouma. Mwaka 2013 huko Marekani watu walipewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na bado walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Nasi katika Ramadhani usingizi wetu tayari umekatwa vipande viwili. Mechi ikianza saa tatu na nusu usiku, kafeini huchukua kama dakika 45 hadi saa nzima kufika kilele chake katika damu. Finjani ya baada ya Isha, kabla ya kusimama Tarawehe, itakukuta uwanjani ukiwa macho, na itakuwa imekusaidia na swala pia, kama wale wa Yemen. Lakini lile kopo la mapumziko, saa nne na dakika kumi, linaingia damuni mchezo ukikaribia kwisha. Filimbi ya mwisho inapigwa, wenzako wanarudi nyumbani kulala, wewe unahesabu mabati. Saa tisa na nusu mama akigonga mlango wa daku, zaidi ya thuluthi yake bado inazunguka kichwani.